Vizibo Vitano kwa Jioni Njema

Kaka yangu Ngatia anajua vyoo vya baa zote kutoka Naro Moru mpaka Kagio, na kabla hujacheka, hiyo ndiyo kazi iliyompa jina. Ya kumpa ugali ni nyingine. Yeye ni fundi wa friji, anaishi Ruring'u, nyuma ya stediamu, na koti lake linanuka gesi hata akilifua. Mimi ni dada yake mkubwa, Ngendo. Sokoni Nyeri ninakouza mitumba wananiita Mama Shiku, na wanajua nikianza kusema sinyamazishwi. Kwa hivyo usinikatize.

Friji za baa huharibika Ijumaa, sijui nani alizifundisha. Mwenye baa anapiga simu akilia, Ngatia anabeba spana zake anaenda Karatina, anaenda Othaya, anaenda Mweiga, anatengeneza, halafu anaketi mezani kama mteja yeyote na kuagiza bia moja. Ya moto. Huku kwetu mlimani baridi ya nje inatosha, watu wengi hunywa bia iliyokaa tu kwenye kreti, na mhudumu lazima akuulize, "Moto ama baridi?" Nimemtania miaka na miaka: wewe unatengeneza friji za watu halafu unakunywa ya moto, si huo ni uchawi? Anacheka tu. Ngatia si mtu wa maneno mengi. Maneno yote ya mama yetu nilirithi mimi.

Siku moja, sijui shetani gani alimwingia, akatoa simu akajirekodi akisema baa fulani ya Mweiga ina choo safi lakini supu yake ni maji ya kuoshea sufuria. Akaiweka mtandaoni, watu wakapenda. Akaendelea. Yeye hatoi nyota, anatoa vizibo, hivi vya chupa, anavipanga mezani mbele ya kamera, na baa nzuri kabisa inapata vizibo vitano. Anaangalia choo. Anaonja supu. Anatikisa kiti aone kama kina mguu mbovu, na anatazama kama mhudumu anashikwashikwa na walevi huku mwenye baa akijifanya anahesabu soda. Lakini jambo ambalo Ngatia hasamehe ni chupa. Kwetu chupa hufunguliwa mezani, mbele ya macho ya mnywaji, na hiyo si heshima tu, ni usalama wako. Bia ni rahisi, unaiona ikitoa povu. Shida ni pombe kali. Robo mpya, ile chupa ndogo ya mfukoni, ukizungusha kizibo chake mara ya kwanza kinalia, krak, pete yake inakatika. Kisipolia, mtu ameshaifungua kabla yako, na Mungu peke yake ndiye anajua ameweka nini ndani. Nimemwona Ngatia akinyamazisha meza nzima ili asikie kizibo.

Watu wa miji hii walimwamini. Polisi wanatoka Kitui, walimu wanatoka Siaya, wanaletwa huku kikazi na hawajui pa kuketi, wanamuuliza Ngatia kwanza. Akisema vitano, Jumamosi pale mahali panajaa. Akisema kimoja, mwenye baa anakosa usingizi. Wa Othaya alimfukuza na ufagio mpaka stejini, kwenye matatu, na kusema kweli nilicheka mpaka nikaketi chini.

Lakini Jioni Njema haikunichekesha.

Hii ni baa ya Kianyaga, juu kidogo ya barabara, majani chai yanaanzia nyuma ya choo. Ngatia alienda huko mwaka jana kutengeneza freza. Alipomaliza akaketi. Mtu wa meza ya pili akaagiza robo, na robo ikaletwa imeshafunguliwa. Ngatia akaagiza yake, akasema aletewe aifungue mwenyewe. Ikaletwa. Kizibo kikazunguka kimya. Hakuinywa. Akatoka nje akajirekodi: "Watu wa Kianyaga, hapa chupa zinafunguliwa nyuma ya kaunta. Sijui ndani kuna nini. Mimi sikunywa, na wewe usinywe." Kizibo kimoja, na hicho alisema ni cha choo.

Wiki hiyo hiyo, akiwa amelala chali chini ya freza ya hoteli moja hapa mjini Nyeri, akaona viatu vya mwanamke vimesimama kando ya kichwa chake.

"Ni wewe ulisema hiyo maneno ya Kianyaga?"

Akadhani amefuatwa apigwe. Akashika spana. Mwanamke akamwambia atoke huko chini, anataka kumnunulia chai. "Nilikuwa nangoja mtu aiseme," akamwambia.

Huyo ndiye Watiri. Anauza kwenye duka la vipuri karibu na Majengo, ana miaka thelathini na kitu, hacheki ovyo, na akikuangalia unajikuta unanyoosha kola. Baada ya hiyo chai Ngatia alikuja kwangu sokoni akasimama katikati ya makoti yangu na uso wa mtoto wa shule. Ngai! Mtu wa miaka arobaini na mbili, amekataliwa mara mbili, mama yetu amekufa akimwambia oa hata kama ni mkorofi. Nilimuombea huyo mwanamke asiende popote. Nilimtaka Watiri kwa kaka yangu kuliko nilivyotaka chochote mwaka huo, na sioni aibu kusema.

Kuna kitu Watiri alikuja kumwambia baadaye, polepole, wakiwa wameshazoeana. Jioni Njema ni ya babake.

"Ati nini?" nilipiga kelele siku Ngatia aliponiambia, mpaka wateja wakageuka. "Umeenda kumpenda binti wa ile baa?"

Ndivyo ilivyokuwa. Babake, Mzee Muriithi, aliijenga na bonasi yake ya chai, ile hela wakulima hulipwa mwisho wa mwaka, lakini tangu mguu umsumbue anakaa nyumbani, na kaunta inashikwa na mwanawe Griffins, kaka mdogo wa Watiri. Ngatia alimuuliza Watiri kama mzee anajua chupa zinafanywa nini. Watiri akamjibu, "Hiyo niachie mimi." Hakusema zaidi, na Ngatia akaona asichokonoe.

Basi tukaenda kuomba, Jumamosi moja ya mwezi wa nne, mvua ikitunyeshea njia nzima. Tulikuwa na kibuyu cha muratina, ile pombe yetu ya asali, kwa sababu Mzee Muriithi alituma neno kwamba wengine wanaweza kuletewa soda na uji lakini yeye anataka pombe ya desturi. Na desturi ni hii: baba wa msichana hagusi pombe ya wakwe kabla binti mwenyewe hajaitwa na kuulizwa mbele ya watu wote, tuinywe ama tusiinywe? Akisema mnywe, amekubali mume. Akisema hapana, mnachukua kibuyu chenu mnarudi mlikotoka. Mimi sijawahi kuona msichana akisema hapana. Siku hizi swali linaulizwa nyama ikiwa tayari imekatwakatwa.

Msemaji wetu alikuwa baba mdogo Simeon, ndugu ya marehemu baba. Kabla hatujashuka kwenye gari akaninyooshea kidole. "Ngendo, hapo ndani ni kwa wakwe. Huo mdomo uache hapa."

"Nikiuacha nitakula na nini?" nikamuuliza. Hakucheka. Ngatia pia hakucheka. Alikuwa amevaa koti jipya nililomchagulia mwenyewe, na mikono ameificha mfukoni.

Tuliketishwa sebuleni, nyumba nzuri ya mawe ya kuchongwa, shangazi na majirani wamejaa mpaka mlangoni. Watiri hakuwepo. Msichana hukaa jikoni mpaka aitwe, na simu yake shangazi zake walikuwa wamemnyang'anya tangu asubuhi. Mzee Muriithi akaingia na fimbo, akasalimia kila mtu kwa mkono, akamruka Ngatia.

Simeon akaanza maneno yake matamu, ati tulikuwa tunapita tukaona ua kwenye boma hii. Mzee akainua fimbo.

"Mwenye kuoa ni nani kati yenu?"

Ngatia akasimama.

"Ni wewe ulisimama nje ya baa yangu ukaambia watu wasinywe?"

"Ni mimi, Mzee."

"Hiyo baa nimejenga na majani niliyochuma na hii mikono. Hakuna mtu amewahi kuanguka kwangu. Tangu useme hiyo maneno, nikipita barabarani watu wananiangalia kama muuza sumu. Hata kanisani! Kanisani nakaa kwa benchi peke yangu!" Mimi nilikuwa nimekuja tayari kumchukia, na sasa namwona mzee wa watu peke yake kwenye benchi lake, namhurumia, na huko kumhurumia kukanikasirisha zaidi.

"Sijaitisha mbuzi wa mahari," akaendelea. "Nataka uchukue maneno yako. Toa hiyo simu, uwaambie watu ulikosea. Hapa, sisi tukikuona. Halafu nitamwita msichana wangu."

Mlangoni alisimama kijana mwenye jaketi ya ngozi inayong'aa, anatafuna kijiti. Sikuhitaji kuambiwa ni Griffins. "Na iwe vizibo vitano," akasema akicheka. "Usisahau hesabu, fundi."

Ngatia akainamisha kichwa. "Mzee, kama nilikuumiza nitaomba msamaha hata kwa magoti. Lakini nilisema kile nilisikia."

"Basi beba kibuyu chako."

Chumba kizima kikaguna. Simeon akaruka haraka akaomba twende ndundu, yaani wakwe watoke nje washauriane pembeni, na hiyo haikataliwi. Tukatoka, tukasimama kando ya tangi la maji, manyunyu yanatuangukia.

"Ni maneno tu!" Simeon akamfokea kwa sauti ya chini. "Maneno ya simu! Kesho watu wameona video nyingine wamesahau. Wewe utakufa na hizo vizibo kitandani?"

"Baba mdogo, kwani ikiwa mtu atakunywa hapo kwa sababu yangu?" Ngatia akauliza.

"Hao wanakunywa hata bila wewe!"

Ngatia akanigeukia. "Wewe unaonaje?"

Mimi, ambaye huwa nina jibu kabla ya swali. Nilimwambia ukweli wa moyo wangu. "Sijui. Nataka kukuona na mke. Lakini hiyo sauti ni yako, mimi siwezi kukusemea."

Akaangalia dirisha la jikoni. Pazia lilikuwa limefungwa. Najua alitaka kumwita Watiri amuulize hata neno moja, lakini angemwita msichana kabla ya wakati wake, shangazi wangemla mzima. Alisimama hapo mpaka mabega ya koti jipya yakalowa. Halafu akasema, "Twendeni," akatangulia.

Aliposimama katikati ya sebule na kuinua simu, sikuijua sauti iliyotoka. Ilikuwa nyembamba. "Watu wangu, niko Kianyaga. Ile siku nilisema kuhusu Jioni Njema, nilikosea. Ni baa safi. Chupa zake ziko sawa. Nawapa vizibo vitano." Akabonyeza. Griffins akatoa simu yake, akangoja, akapiga mluzi. "Imefika! Watu wameanza kuingia kuiangalia. Aki wewe ni mwanaume."

Vigelegele vikalipuka. Shangazi wanapiga, majirani wanapiga, Simeon anafuta jasho. Mzee Muriithi akasimama bila fimbo, akamkumbatia Ngatia, machozi kabisa yanamtoka. "Umenirudishia jina langu, kijana," akamwambia. Ngatia akatabasamu upande mmoja tu. Mimi nilipiga makofi pia. Nilikuwa na furaha, si nimesema nilimtaka huyo mwanamke? Lakini ilikuwa furaha yenye kichefuchefu.

"Mwiteni Watiri," mzee akasema.

Akaja amejifunga leso mpya, anatembea taratibu, macho yake yamemkazia Ngatia. Jikoni na sebule zimetenganishwa na mbao tu, kwa hivyo alikuwa amesikia kila kitu. Babake akamimina muratina kwenye pembe ya ng'ombe, akaishika juu.

"Watiri, hawa watu wametuletea pombe. Tuinywe ama tusiinywe?"

Akaitazama pembe. Watu wakatabasamu, msichana mzuri huringa kidogo.

"Msinywe," akasema.

Wakacheka! Kuna wasichana husema hivyo kwa mchezo waongezwe zawadi, na Simeon alikuwa tayari ameniashiria nitoe leso nyingine kwenye kapu. Nikaanza kuitoa.

"Sichezi, Baba. Msinywe."

Kapu likaniponyoka.

"Kwa nini?" mzee akauliza, pembe bado iko juu.

"Kwa sababu kile huyu alisema mara ya kwanza ni kweli. Leo amedanganya na nyinyi mkapiga vigelegele." Hakuinua sauti hata kidogo. "Baba, hii nyumba tumeketi ilijengwa na nani?"

"Jackton. Unajua."

"Jackton leo anashikwa mkono na bibi yake akienda choo. Nyinyi mlisema ni sukari imekula macho yake. Si sukari. Alikunywa robo kwa kaunta yetu, asubuhi akaamka anaona ukungu, na haujaisha. Nilikuwa nimekuja kusaidia wikendi hiyo. Nilimwona Griffins akijaza chupa kutoka kwa jerikeni. Nilimwambia aache. Akaniambia nikikuambia presha itakuua, na nitakuwa nimekuua mimi."

Pembe ikashuka polepole mpaka juu ya meza. Kila mtu akageukia mlango.

"Uongo!" Griffins akapasua. "Baba, huyu anataka baa! Tangu zamani anataka baa!"

Mzee akaangalia mtoto huyu, akaangalia yule. Nimeuza sokoni miaka mingi, nimeona watu wakiibiwa, wakifumaniwa, wakipigwa na habari za msiba, lakini uso wa namna ile sikuwa nimeona. Alitaka mmoja wao awe mwongo na hakujua achague nani.

"Nileteeni robo," akasema. "Si hizi za wageni. Ya kaunta. Wewe mama," na fimbo ikanielekea mimi, "naona wewe huna uwezo wa kuficha kitu. Nenda na Griffins. Chukua chupa kwa mkono wako."

Nikaenda. Baa iko chini tu ya boma, tukashuka kwenye matope, Griffins mbele na funguo. Ndani kulikuwa na giza na harufu ya jana. Nyuma ya kaunta rafu mbili, ya juu na ya chini, zote zimepangwa robo vizuri.

"Chukua ya juu, mama," akaninong'oneza. Kijiti kilikuwa kimeshamtoka mdomoni. "Ya juu. Si unataka kaka yako aoe? Sote tunataka kitu kimoja. Ya juu."

Ningeweza. Chupa ya juu, krak, Watiri anaonekana mwongo, anabembelezwa, pengine anaolewa. Yote hayo yalinipitia nikiwa nimesimama hapo, na hasira ikanipanda mpaka masikioni. "Nani mama yako?" nikamwambia, nikainama nikachukua ya chini.

Tukapanda tena kwenye matope, safari hii yeye akiwa nyuma yangu.

Mzee akaipokea. Akazungusha kizibo. Hakuna mtu alikohoa, hakuna mtu alisogeza kiti. Kizibo kikazunguka, kikatoka, na hakikulia.

"Hiyo ni mteja alifungua akarudisha," Griffins akasema haraka.

"Sawa." Mzee akachukua glasi akaijaza mpaka juu. "Griffins, nakuuliza mbele ya hawa wageni. Iko safi?"

"Iko safi, Baba."

"Mimi naamini mtoto wangu. Mtoto wangu hawezi kuuzia watu sumu kwa jina langu." Akainua glasi.

Watiri akapiga yowe. Ngatia akaruka, na fimbo ikamsimamisha kifuani. "Wewe ulisema ziko sawa," mzee akamwambia bila kumwangalia. "Si ulisema? Vitano. Kaa chini." Ngatia akabaki amesimama na fimbo kifuani. Mimi nilikuwa naita Mungu kwa Kikuyu na Kiswahili. Glasi ilifika kidevuni. Mzee alikuwa anamtazama mwanawe tu, na mwanawe anatazama glasi, jasho linamtiririka kwenye jaketi ile ya ngozi. Glasi ikagusa mdomo.

"Baba, usinywe!"

Alikuwa Griffins. Aliruka meza, akaipiga glasi ikapasukia ukutani, akaanguka mbele ya magoti ya babake, anashika suruali yake, analia kama mtoto mdogo. "Usinywe, Baba, usinywe, usinywe."

Nilidhani mzee atampiga. Hakumpiga. Aliketi. Akageuza uso kwa ule ukuta uliolowa, mawe yamepangwa safi, kila moja limechongwa na mtu ambaye sasa haoni. Mwishowe akasema, "Kila mtu aende kwake. Kwa hii boma leo hakuna atakayekunywa kitu."

Nyama ilibaki hapo hapo imekatwakatwa. Simeon akabeba kibuyu chetu kikiwa kimejaa, akaenda kukipakia kwenye gari. Watu walitoka bila kuagana.

Watiri alitusindikiza mpaka langoni. Leso imemlegea, macho mekundu. Ngatia alikuwa ameshatoa simu, vidole vyake vinahangaika, akaifuta ile video akamwonyesha. "Nimeitoa. Angalia. Nitasema ingine sasa hivi, nitasema yote, hata jina langu."

"Ni watu wangapi walikuwa wameiona?"

Ngatia akaishusha simu. Alijua, simu inaonyesha.

Mimi sikuweza kuvumilia. "Lakini ni baba yako alimlazimisha!" nikamwambia. "Mbele ya watu wote! Angefanya nini? Babako mwenyewe amekuwa akipigania hiyo baa, na hukumkasirikia hata kidogo, unamkasirikia huyu?"

Watiri hakunikasirikia. Alimtazama Ngatia kama anamwangalia mtu anayesafiri.

"Baba alikuwa hajui," akasema. "Wewe ulijua."

Akatufungulia lango gari lipite, akarudi ndani kwa babake.